Kasuku wa kijani na kasuku mwekundu: je, ni ndege wa aina moja?

Swali: Mwezi uliopita mume wangu alinunua kasuku wawili hapa Muscat. Mmoja ni wa kijani mwili mzima na mdomo wake una rangi ya chungwa. Mwingine ni mwekundu, tumbo lake ni la buluu na mdomo ni mweusi tii. Muuzaji alituhakikishia kuwa ni dume na jike wa aina moja, na kwamba yule mwekundu ndiye jike. Mama mkwe wangu, aliyefuga kasuku wa Kongo kwa miaka mingi huko Unguja, anasema tumeuziwa ndege wa aina mbili ambao hawatazaa kamwe. Isitoshe, huyo mwekundu ni mkali. Amejitwalia kabati la viatu, hatoki ila mara mojamoja, na akitoka humfukuza mwenzake kwenye chakula. Lakini mwenzake huyohuyo humfuata kabatini kumlisha. Nani amesema kweli, na tufanye nini? Na wakizaa, watoto watakuwa wa rangi gani?

Jibu: Muuzaji amesema kweli, dada yangu, ila mama mkwe asione haya hata kidogo, kwa kuwa wataalamu wa makumbusho ya Ulaya waliamini kama yeye kwa karibu miaka mia moja. Ndege mliowanunua ni eklektasi, ambaye kitaalamu huitwa Eclectus roratus. Dume wa ndege huyu aliingizwa katika vitabu vya sayansi mwaka 1776 na Mjerumani Philipp Ludwig Statius Müller, na majike walipoanza kufika Ulaya waliorodheshwa kama ndege wengine kabisa, wenye majina yao. Hali iliendelea hivyo hadi mwaka 1874, pale Adolf Bernhard Meyer, aliyekuwa ametoka kukusanya ndege katika kisiwa cha Guinea Mpya, alipotangaza kuwa wa kijani wote ni madume na wekundu wote ni majike wa ndege yuleyule mmoja. Mwanzoni wengi hawakumwamini.

Mama mkwe ana sababu nzuri ya kutilia shaka. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo, ambaye ndiye kasuku anayefahamika zaidi Afrika Mashariki, hana tofauti ya jinsia inayoonekana kwa jicho la kawaida, na mfugaji anayetaka uhakika hulazimika kupeleka unyoya au tone la damu maabara. Kasuku wengi duniani wako hivyo, au hutofautiana kidogo tu. Hata kwa ndege ambao jinsia zao hutofautiana sana, kwa kawaida ni dume anayepambwa na jike anayefifishwa, kama tausi au kama chozi wanaonyonya maua bustanini. Eklektasi amekiuka kanuni zote mbili: jinsia zake zinatofautiana kupita kiasi, na jike ndiye mwenye rangi za kupiga kelele.

Sasa mchunguzeni kila mmoja kwa karibu, ili mjiridhishe wenyewe bila kutegemea maneno ya muuzaji wala yangu. Dume aliyekomaa ana taya la juu la mdomo lenye rangi ya chungwa inayoishia na manjano nchani, ilhali taya la chini ni jeusi. Akinyanyua bawa mtaona wekundu mkali ubavuni na chini ya bawa, na manyoya marefu ya kurukia yana buluu nzito. Jike ana mdomo mweusi juu na chini. Duara la rangi linalozunguka mboni ya jicho huelekea rangi ya chungwa kwa dume na manjano hafifu kwa jike. Ndege mwenye mdomo wa kahawia na macho meusi bado ni mtoto, hata kama muuzaji amesema ni mkubwa wa kutaga. Vilevile pitisheni kidole kichwani na kifuani: manyoya ya sehemu hizo hayana vile vikulabu vidogo vinavyoshikanisha nyuzi za unyoya wa kawaida, kwa hiyo yanaonekana na kuhisiwa kama nywele laini za mnyama. Ni alama ya ndege huyu ambayo ni vigumu kuighushi.

Kwa kuwa mmesema jike ana tumbo la buluu, mtazameni pia machoni. Akiwa na pete nyembamba ya manyoya ya buluu kuzunguka jicho, na mkia wake ukiwa mwekundu hadi mwisho bila ukingo mpana wa manjano, basi asili ya ukoo wake ni Guinea Mpya au Visiwa vya Solomon. Wa Solomon ni wadogo kidogo, na ndio wanaopatikana kwa wingi katika biashara ya ndege. Majike wa visiwa vya Maluku, nchini Indonesia, wana tumbo la zambarau badala ya buluu, na wale wa kaskazini mwa visiwa hivyo wana manjano ya kung'aa chini ya mkia. Mama mkwe huenda akapenda kusikia kwamba kaskazini hukohuko mwa Maluku ndiko ilikotoka mikarafuu ya Unguja na Pemba. Katika kisiwa cha Sumba jike ni mwekundu mwili mzima bila buluu yoyote. Tofauti hizi ni kubwa kiasi kwamba baadhi ya wataalamu wa siku hizi hawamhesabu eklektasi kuwa spishi moja, bali nne. Lakini ugomvi huo ni wa visiwa na visiwa, hauhusu rangi ya dume na jike, na haubadilishi chochote nyumbani kwenu.

Rangi zenyewe hutengenezwaje? Heroe wa Ziwa Natron hupata wekundu wake kutokana na chakula, na akikosa chakula hicho hupauka. Kasuku hawako hivyo. Wekundu na manjano yao hutokana na rangi za kundi linaloitwa sitakofulvini, ambazo mwili wa kasuku hujitengenezea wenyewe ndani ya unyoya unaokua, na ambazo hazijaonekana kwa ndege wengine. Mwaka 2024 watafiti walieleza katika jarida la Science kwamba kimeng'enya kimoja huamua iwapo rangi hiyo itaelekea manjano au wekundu. Buluu nayo haitokani na rangi yoyote iliyomo unyoyani, bali na vijishimo vidogo sana vinavyotawanya nuru ndani ya keratini, yaani ile protini inayounda unyoya. Na kijani cha dume ni buluu hiyo iliyofunikwa na manjano. Likidondoka nyoya la kijani, lishikeni dirishani ili nuru ipite kutoka nyuma, nanyi mtaona ukijani ukififia kuelekea rangi ya kahawia yenye manjano, kwa sababu buluu huhitaji nuru irudi kwenye jicho. Nyoya jekundu halipotezi wekundu wake namna hiyo. Kwa hiyo zile dawa za matone zinazouzwa kwa madai kwamba zinakoleza rangi ya kasuku ni fedha ya kutupa. Ila ukijani wa dume ukianza kuwa na mabaka ya kahawia au meusi, mpelekeni kwa daktari wa mifugo anayejua ndege, kwani mara nyingi ni dalili ya lishe mbaya au ya ini lililochoka.

Sasa nije kwenye kabati la viatu, ambalo ndilo kiini cha swali lenu hata kama hamkulikusudia hivyo. Huwezi kuelewa kwa nini jike ni mwekundu bila kuelewa kwa nini anapenda kabati, na mambo hayo mawili yalielezwa vizuri kwa mara ya kwanza na Robert Heinsohn wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Pamoja na wenzake, Sarah Legge na John Endler, alichapisha matokeo ya utafiti wa miaka mingi mwaka 2005. Walifanya kazi Iron Range, katika rasi ya Cape York kaskazini kabisa mwa Australia, ambako eklektasi wanaishi porini, na walilazimika kupanda kwa kamba miti mirefu inayochomoza juu ya msitu ili kuchungulia mapango wanamotagia.

Walichogundua ni kwamba mapango yenye sifa ni adimu mno. Eklektasi hachimbi pango lake. Hutegemea shimo lililojitokeza katika mti mzee, lenye kina, lililo juu sana, lisiloingiliwa na maji wala chatu. Jike anayelipata hulishikilia kwa nguvu zake zote. Hukaa ndani yake au mlangoni pake kwa miezi tisa au zaidi kila mwaka, hulirudia mwaka baada ya mwaka, na akija jike mwingine hupigana naye, wakati mwingine hadi mmoja afe. Jike aliyefungwa na pango kiasi hicho hawezi kwenda kutafuta matunda, kwa hiyo hulishwa na madume, wala si dume mmoja. Madume kadhaa humhudumia jike mmoja mwenye pango zuri, kila mmoja akitumaini kwamba watoto ni wake, na vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba majike hupandwa na dume zaidi ya mmoja, na kwamba madume nao hutembelea zaidi ya jike mmoja.

Hapo ndipo rangi zinapoeleweka. Dume hushinda mchana kutwa akizunguka juu ya majani ya msitu kutafuta chakula cha watu wawili au watatu, na huko angani wapo kozi na ndege wengine wawindaji. Kijani humficha miongoni mwa majani. Lakini dume huyo hahitaji kufichika mbele ya eklektasi wenzake, kwani lazima avutie na ashindane. Manyoya yake hurudisha pia miale ya urujuanimno, ambayo binadamu haioni lakini macho ya kasuku huiona vizuri kuliko macho ya ndege mwindaji, kwa hiyo akitua kwenye shina la mti mbele ya pango huonekana waziwazi kwa jike na kwa wapinzani wake, ilhali kwa mwindaji anayemtafuta majanini hajitokezi sana. Jike hana haja ya kujificha majanini kwa sababu hashindi huko. Hatari ikitokea, huzama shimoni, ambako ni giza na rangi haina kazi. Akiwa mlangoni, wekundu na buluu yake huonekana kutoka mbali na kuwatangazia majike wengine kwamba pango lina mwenyewe. Kila jinsia, basi, imevikwa na kazi yake.

Naona maelezo hayo yanashawishi kuliko yote niliyowahi kuyasoma juu ya rangi za kasuku, ingawa yametokana hasa na ndege wa Cape York, na visiwa vingine vingi wanakoishi havijachunguzwa kwa undani huo.

Sasa litazameni kabati lenu kwa macho ya jike. Ni dogo, ni la giza, lina mlango mmoja mwembamba, na halina maji. Amelala humo siku kadhaa bila kunyang'anywa, na kuna dume anayemletea chakula na kumcheulia mdomoni. Kwake yeye huo ni ushindi ambao majike wengi wa porini hawaupati maishani. Ukali wake hautokani na tabia mbaya wala na kufundishwa vibaya na mwenye duka. Anafanya lile lililomfanya awe mwekundu. Na dume anayefukuzwa kwenye bakuli kisha akarudi na tonge hadhalilishwi, ingawa kwa macho ya binadamu inaonekana hivyo. Katika ndege hawa jike ndiye mkubwa wa nyumba, na dume mwenye akili hujifunza mapema kupisha.

Kinachotakiwa kwenu ni kuamua kwanza kama mnataka watoto au hamtaki, kwa kuwa ushauri wa upande mmoja ni kinyume cha ule wa upande wa pili. Ningependekeza msizalishe mwaka huu. Hamjui umri wa ndege wenu kwa hakika, hamjui afya zao, na jike anayetaga kabla hajakomaa au akiwa amelishwa vibaya huweza kufa kwa yai kukwama. Kama mtakubaliana nami, fungeni kabati la viatu na kila upenyo unaofanana nalo: nyuma ya sofa, chini ya kitanda, ndani ya droo, hata katoni tupu jikoni. Chagueni saa ambayo ametoka mwenyewe kuja kula, kwa sababu kumtoa kwa mkono kutawagharimu damu. Mdomo huo umeumbwa kuvunja kokwa. Msimwekee sanduku la kutagia wala kitu chochote cha kuingia ndani. Hakikisheni anapata usiku mrefu wa giza, wa saa kumi na mbili hivi, maana nuru ya taa hadi saa sita za usiku humfanya mwili wake udhani ni msimu wa kuzaa. Na mnapompapasa, ishieni kichwani na shingoni. Kumpapasa mgongoni na chini ya bawa humwamsha hamu ya kupandwa.

Mkishafunga kabati atakasirika kwa siku kadhaa, na hasira hiyo huenda ikamwangukia dume. Kwa hiyo wapeni matundu mawili yaliyo karibu ili waonane bila kufikiana wakati hampo nyumbani, na wanapokuwa huru pamoja wekeni mabakuli mawili, moja mbali na jingine, ili dume apate kula kabla hajafukuzwa. Nimeona madume waliokonda kwa sababu tu wafugaji wao walidhani kwamba ndege wanaolishana hawawezi kudhulumiana. Mpimeni kila wiki kwenye mizani ya jikoni, asubuhi kabla ya kula, na mwandike uzito. Eklektasi wengi huwa kati ya gramu 375 na 550, lakini kinachotiliwa maanani ni uzito kushuka kutoka wiki hadi wiki, zaidi ya tarakimu yenyewe.

Akitaga licha ya jitihada hizo, msiyaondoe mayai mara moja, kwa kuwa jike anayenyang'anywa mayai hutaga mengine kufidia na kumaliza madini ya mifupa yake. Kwa kawaida hutaga mawili, meupe. Yachukueni mapema, myachemshe, yapoe, kisha myarudishe. Atayaatamia hadi achoke mwenyewe baada ya mwezi mmoja hivi, nanyi mtayaondoa bila mgogoro. Mpeni pia kalisi: mfupa mweupe wa ngisi unaotundikwa kwenye tundu, au maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa na kusagwa. Lakini mkimkuta ameketi sakafuni mwa tundu, manyoya yamevimba, mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi na anakamua bila kutoa kitu, yai limekwama, na lazima afike kwa daktari siku hiyohiyo.

Kuhusu chakula, ndipo wafugaji wengi wa Ghuba wanapowaharibu ndege hawa, kwa kuwa duka humpa kila kasuku mchanganyiko uleule wa mbegu za alizeti. Porini eklektasi hula matunda, tini za msituni, kokwa, mbegu, machipukizi na maua. Bakuli la kila siku liwe na mboga na matunda kwa wingi: karoti, boga, viazi vitamu vilivyochemshwa, mchicha, pilipili hoho, papai, embe, mapera, na komamanga ambalo kwake ni sherehe. Vyakula vya rangi ya chungwa na majani ya kijani kibichi vina kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na upungufu wake huwaumiza kasuku kwenye pua, koo na ngozi. Choroko zilizoloweshwa na kuchipua ni chakula bora na rahisi. Maharagwe makavu yasitolewe mabichi. Msishangae akila pilipili kali bila kutoa chozi, kwa sababu ndege hawausikii ule ukali unaotuunguza sisi. Tende wapeni kipande kidogo tu, kwa ajili ya sukari yake, na alizeti ziwe zawadi ya mkononi. Parachichi, chokoleti, kahawa na vyakula vya chumvi vimekatazwa kabisa. Parachichi huua kasuku.

Eklektasi ana tatizo jingine la kipekee ambalo ni vyema mlijue kabla halijawatisha: baadhi yao huanza kukunja na kukunjua vidole vya miguu mfululizo, au kupiga mabawa kwa mdundo usiokoma. Wafugaji na madaktari wengi hulihusisha na vitamini zilizozidi, hasa pale matone ya vitamini yanapotiwa kwenye maji ya ndege ambaye tayari anakula chakula cha kiwandani kilichotiwa vitamini. Chanzo chake huweza kuwa kingine pia, kwa hiyo ondoeni matone hayo na mwoneni daktari badala ya kubahatisha. Kwangu mimi, ndege anayepata mboga mbichi kila asubuhi hana haja ya chupa yoyote ya vitamini asipoandikiwa na daktari.

Moshi ni jambo ambalo siwezi kuliruka nikijua kwamba ninamwandikia mtu wa Muscat mwenye mama mkwe wa Unguja. Udi na ubani viwe mbali nao. Mapafu ya ndege hupitishwa hewa mpya anapovuta pumzi na anapoitoa pia, kwa msaada wa vifuko vya hewa mwilini, na ufanisi huo humfanya ale sumu ya hewani haraka kuliko binadamu aliyeketi chumba kilekile. Chetezo kikiwashwa sebuleni, ndege wawe chumba kingine chenye dirisha wazi. Hatari kubwa zaidi iko jikoni: vikaango vile visivyoshika chakula, vikisahauliwa motoni vikapata joto kupita kiasi, hutoa mvuke usio na harufu ya kumshtua mtu lakini unaoua kasuku kwa dakika chache. Joto la kiangazi nalo linajulikana. Msiwaache barazani mchana. Kiyoyozi hakiwadhuru, ila hukausha hewa, na ndege wa msitu wa mvua hufurahia kunyunyiziwa maji safi kila asubuhi. Manyoya yale yaliyo kama nywele hukaa vizuri zaidi yakinyunyiziwa mara kwa mara.

Mmeuliza rangi ya watoto. Hawachanganyiki: hakuna mtoto wa rangi ya kati, wala mwenye mabaka ya kijani na wekundu yaliyogawana mwili. Kila mwana ni kijani kama baba na kila binti ni mwekundu kama mama, kwa kuwa rangi inafuata jinsia. Mayai huatamiwa na mama peke yake kwa siku 28 hadi 30, vifaranga huanguliwa wakiwa uchi, na manyoya halisi yanapochomoza baada ya mwezi mmoja hivi mwenye macho hahitaji tena maabara. Huondoka kiotani wakiwa na wiki kumi na moja au zaidi. Jambo la kushangaza ni kwamba baadhi ya majike hutoa watoto wa jinsia moja kwa mfululizo usioelezeka kwa bahati nasibu. Katika kumbukumbu za ndege waliofugwa ambazo Heinsohn na wenzake walizichapisha mwaka 1997, jike mmoja alitoa madume ishirini mfululizo kabla ya kupata binti wa kwanza.

Lipo na lile linalowaumiza wafugaji wasiojiandaa, yaani mama kumuua kifaranga wake wa kiume. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, wa Heinsohn na wenzake wengine, ulionyesha kwamba porini hilo hutokea hasa kwenye mapango mabovu yanayofurika mvua ikinyesha sana. Mabinti huwahi kuondoka kiotani kwa siku kadhaa kuliko kaka zao, na katika pango litakalojaa maji siku chache ni nyingi. Mama akimwondoa kifaranga wa kiume mapema, binti hubaki na chakula chote na nafasi kubwa zaidi ya kuruka kabla ya mafuriko. Anaweza kuwatofautisha mapema kwa sababu manyoya laini ya kwanza ya vifaranga hutofautiana kwa jinsia. Sisemi kwamba jike wenu atafanya hivyo ndani ya sanduku kavu, lakini likitokea msimhukumu kuwa kichaa, na msikimbilie kumtafutia dume mwingine.

Kuhusu kuongea, ambako hamkuuliza lakini mtauliza: dume na jike wote huweza kujifunza maneno kwa sauti safi, na huelewa mapema ni neno gani linaloleta komamanga. Wana utulivu unaowafanya watu wadhani ni wavivu, kumbe wanatazama. Wakitunzwa vyema huishi miaka 30 na zaidi, kwa hiyo amueni tangu sasa nani atakuwa nao mkihama.

Na mkihama, mambo ya karatasi yasisubiri siku ya safari. Eklektasi yumo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, ambao husimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na hawezi kuvushwa mpaka kihalali bila kibali cha nchi anayotoka. Nchi mnayokwenda nayo huwa na masharti yake ya wanyamapori na ya karantini. Tazameni miguuni mwa ndege wenu. Pete ya chuma isiyo na kiungio huvishwa kifaranga mguu ungali mdogo, kwa hiyo ikiwepo ni ushahidi mzuri kwamba alizaliwa kwa mfugaji. Hili lina uzito wa pekee kwa ndege wa ukoo wa Solomon, kwa sababu mwaka 2012 TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyamapori, lilitoa ripoti kwamba makumi ya maelfu ya ndege walikuwa wamesafirishwa kutoka visiwa hivyo wakiandikwa kuwa wamezalishwa kizuizini, wakati hapakuwa na dalili za mashamba ya kuzalisha idadi hiyo. Mwombeni muuzaji risiti yenye namba za pete na jina la mfugaji, mkiitaka sasa angali anawakumbuka.